Mazungumzo magumu huwa ya nyumbani: masomo ya dawati la Mambo ya Nje na ya darasani

Anayeingia Wizara ya Mambo ya Nje kwa mara ya kwanza hudhani ubishi mkubwa utakuwa na Wazungu, au Wachina, au majirani. Akikaa dawatini miaka miwili mitatu hugundua kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuwabembeleza watu wa serikali yake mwenyewe. Hazina haijajibu barua. Wizara ya biashara ina msimamo ambao wenzao wa kilimo hawaujui. Wanasheria wanadai rasimu ambayo mtu fulani kasafiri nayo. Mezani na mgeni mnakaa siku tatu; nyumbani mmekaa miezi minane. Vyuo vyetu, kwa bahati mbaya, hufundisha zaidi zile siku tatu.

Tuanze pale jambo linapozaliwa. Rasimu ya mkataba au mwaliko wa mazungumzo huja kwa noti ya kidiplomasia, yaani barua rasmi ya serikali kwa serikali, au kupitia ubalozi wetu. Masjala inaiweka kwenye jalada, jalada linashuka kwa afisa wa dawati, naye anaandika dokezo sabili, yaani maelezo mafupi ya ndani ya ofisi, kwenda kwa mkurugenzi wake: kimeletwa nini, nani anahusika, tarehe ya mwisho ni lini, tunapendekeza nini. Baada ya hapo barua zinakwenda kwa wizara za kisekta, wataalamu wanakutana, na kama jambo ni la kisera linaandikiwa waraka unaopita Sekretarieti ya Baraza la Mawaziri, kisha kamati ya Makatibu Wakuu, ndipo lifike kwenye Baraza lenyewe. Kwenye karatasi njia hii imenyooka. Inapokatika, mara nyingi inakatikia kwenye barua ya kuomba maoni.

Barua inayosema "tunaomba maoni yenu kuhusu rasimu iliyoambatishwa" itarudi na kurasa mbili za kusifu ushirikiano, au haitarudi kabisa. Inayojibiwa ni ile yenye maswali matatu: ni ibara gani inaumiza sekta yenu; inaumiza kwa kiasi gani kwa takwimu mlizonazo; na mngependa isomeke vipi badala ya ilivyo. Iwe na tarehe. Iseme wazi kwamba ikipita tarehe hiyo kimya, itaandikwa kuwa wizara haina pingamizi. Wakubwa wengine huona sentensi hiyo ina ukali, lakini barua za namna hiyo hujibiwa. Halafu piga simu. Barua ya serikali isiyofuatiliwa kwa simu ni karatasi tu.

Kosa la pili ni kila wizara kuleta mtu tofauti kila kikao. Aliyekubali ibara ya tano mwezi Machi hayupo mwezi Mei, na aliyekuja anaanza na "kwa upande wetu hatukuwahi kushirikishwa". Dawa yake ni kuandika kumbukumbu za kikao siku hiyo hiyo, kuzisambaza zikiwa na majina ya waliohudhuria, na kuomba uthibitisho wa maandishi kabla ya kikao kinachofuata.

La tatu ni la kwetu Tanzania peke yetu. Mambo ya nje ni suala la Muungano, lakini kilimo, uvuvi, utalii na afya si ya Muungano. Mkataba wa uvuvi ukijadiliwa na ofisi za Bara peke yake utakwama mwishoni, na utastahili kukwama. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inaingizwa tangu barua ya kwanza, isingoje kupelekewa rasimu iliyokwisha kuiva. Upande wa pili wa mpaka huo kati ya ya Muungano na yasiyo ya Muungano ulionekana Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu kisha ikajitoa mwaka 1993 baada ya mjadala mkali, kwa sababu uanachama wa jumuiya ya kimataifa ni jambo la Jamhuri ya Muungano. Mwanafunzi wa katiba anakijua kisa hiki. Afisa wa dawati anatakiwa akikumbuke kila anapopanga orodha ya wa kuandikiwa.

Mwisho wa safari hiyo ya ndani ni maelekezo ya maandishi kwa ujumbe, yaani watu watakaokwenda mezani. Kila kipengele kinachobishaniwa kiwe na ngazi tatu: tunachotaka, tunachoweza kupokea, na mpaka tusiouvuka. Wengi huishia hapo na kusahau ngazi ya nne, yaani nani ana uwezo wa kubadili maelekezo hayo, na anapatikanaje. Mazungumzo makubwa humalizikia usiku wa siku ya mwisho. Ikiwa ni saa kumi na mbili jioni New York, Dar es Salaam ni saa saba au saa nane usiku, kutegemea majira yao. Kama hamkukubaliana mapema kwamba mkubwa fulani atapokea simu saa hiyo, kiongozi wa ujumbe ana njia mbili tu, akubali asichoruhusiwa au akae kimya. Kukaa kimya nako ni kukubali: kwenye mikutano mingi isiyopiga kura, kifungu ambacho hakuna aliyekipinga huondolewa mabano, alama ya kwamba bado kinabishaniwa, na kuhesabika kimepita.

Karatasi ya Waziri ni jambo jingine. Ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza useme anaombwa afanye nini: akubali, akatae, au asikilize tu. Hoja za kuzungumzia zisizidi tano, na kila moja itamkike kwa pumzi moja, kwa sababu atazisoma ndani ya gari. Chini yake weka sehemu ya "wakituuliza", yenye maswali mabaya ambayo mwenyeji hataacha kuyauliza, na jibu fupi la kila moja. Sentensi ya kwamba uhusiano wetu na nchi hiyo ni wa kindugu na wa kihistoria inaweza kufutwa karibu kwenye kila muhtasari na hakuna kitakachopungua.

Mfano unaofundisha haya kuliko yote kwa ukanda wetu ni Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Wataalamu walimaliza mazungumzo Oktoba 2014. Afrika Mashariki ilikubali kufungulia Ulaya asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa inazoagiza kutoka huko, hatua kwa hatua kwa miaka mingi. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikasaini. Tanzania ilikwisha kutangaza mwezi Julai kwamba haitasaini, na Novemba mwaka huo Bunge likaujadili na kuishauri Serikali isisaini. Uganda na Burundi nazo hazikusaini.

Wengi huhadithia kisa hiki kama ugomvi wa majirani. Ukilisoma jalada kwa jicho la dawati, unaona kwanza hesabu ambayo haikuwahi kuwa siri. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwa kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, na nchi za kundi hilo huingiza bidhaa Ulaya bila ushuru, isipokuwa silaha, mkataba uwepo usiwepo. Kenya haikuwa kwenye kundi hilo. Mwishoni mwa 2014 bidhaa zake zilitozwa ushuru kwa takriban miezi mitatu, na wakulima wa maua wa Naivasha waliuona kwenye ankara. Kwa hiyo nchi tano zilikaa upande mmoja wa meza, moja ikiwa na cha kupoteza kesho asubuhi na nne zikiwa na cha kulinda baada ya miaka kumi: viwanda vichanga na mapato ya forodha. Msimamo wa pamoja ulioandikwa bila kutaja tofauti hiyo ulikuwa umejengwa juu ya kimya.

Pili, serikali iliyokuwapo Tanzania mazungumzo yalipofungwa haikuwa ile iliyotakiwa kusaini. Novemba 2015 iliingia nyingine yenye ajenda ya viwanda. Kisha Juni 2016 Uingereza ikapiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, na thamani ya soko lililokuwa linauzwa mezani ikabadilika. Mtaalamu aliyemaliza kazi yake vizuri 2014 hakukosea. Ila kati ya kufunga mazungumzo na kusaini, mtu alipaswa kulirudisha jambo nyumbani upya: waraka mpya na hesabu mpya. Miaka miwili ni mirefu mno kwa makubaliano kukaa kwenye kabati.

Jambo liliishia hivi: Februari 2021 Wakuu wa Nchi walikubali kwamba nchi inayotaka iendelee, kwa kutumia kanuni iliyomo kwenye Mkataba wa Jumuiya inayoruhusu wanachama kwenda kwa kasi tofauti. Kenya ikasaini wake na Ulaya Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024. Kanuni hiyo ilikuwapo kwenye Mkataba tangu 1999.

Hapo pana somo dogo la kiufundi ambalo hata wabunge hulichanganya. Kuna kuweka herufi za majina kwenye kila ukurasa, ambako kunathibitisha tu kwamba hii ndiyo rasimu tuliyokubaliana. Kuna kusaini. Kuna kuridhia. Anayesaini, kama si Rais, Mkuu wa Serikali au Waziri wa Mambo ya Nje, kwa kawaida anahitaji hati ya mamlaka kamili, na hati hiyo huombwa mapema, isiwe jioni ya kuamkia sherehe. Ukishasaini mkataba unaohitaji kuridhiwa, bado hujafungwa na vifungu vyake, lakini Ibara ya 18 ya Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba inakukataza kufanya jambo la kuuvunja lengo lake. Kuridhia kwetu ni kazi ya Bunge kwa Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba, kwa azimio linalowasilishwa na Serikali. Na hata likipita, raia hawezi kwenda nalo mahakamani kirahisi mpaka itungwe sheria ya ndani. Kila ngazi ina mlango wake wa kutokea, na kila mlango una gharama. Kukataa kabla ya kusaini kunaudhi. Kukataa baada ya kusaini kunaharibu jina. Kushindwa kutekeleza baada ya kuridhia kunakupeleka kwenye usuluhishi, na Ibara ya 27 inasema sheria yako ya ndani si kisingizio.

Nchi nayo hulipa inaposimama. Wanafunzi hupenda kusikia kwamba Mwalimu Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa sababu ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kutekeleza azimio la mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hawaulizi bei. Bei ilikuwa mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ambao haukuja tena. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wa kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo nchini, na Nyerere akaikataa misaada mingine iliyobaki. Unaweza kuunga mkono maamuzi hayo, nami nayaunga mkono kwa sehemu kubwa. Lakini afisa anayeandaa dokezo la msimamo wa aina hiyo na asiandike safu ya gharama, mwaka hadi mwaka, sekta kwa sekta, hajamsaidia Rais. Amempigia makofi tu.

Nyumba ya mwenzako nayo si kitu kimoja. Hili linaonekana vizuri zaidi kwenye kampeni za kugombea nafasi. Juni 2020 Kenya iligombea kiti cha Baraza la Usalama ikiwa na uteuzi wa Umoja wa Afrika mfukoni, na bado raundi ya kwanza ilipata kura 113 dhidi ya 78 za Djibouti, pungufu ya theluthi mbili. Ikapata 129 raundi ya pili. Februari 2025 Raila Odinga aliingia Addis Ababa akitajwa kuwa mgombea mwenye nguvu wa uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, akatoka bila kiti. Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti alipata kura 33 katika raundi ya saba. Hizi ni kura za siri. Ahadi aliyotoa rais wa nchi fulani kwenye mazishi au harusi inatakiwa isafiri hadi wizarani kwake, iwe maelekezo, ifike kwa mwakilishi wake, na mkono wa mwakilishi uifuate. Inaweza kupotea popote njiani.

Ndiyo maana orodha ya kampeni huwa na madaraja. Daraja la juu ni noti ya maandishi, hasa ya kubadilishana kura, ninyi mtuunge hapa nasi tuwaunge kule. Linafuata neno la Waziri wa Mambo ya Nje mwenyewe. Chini yake ni neno la balozi aliyeko kituoni. "Tutalitafakari kwa moyo mkunjufu" huandikwa hapana. Hata daraja la juu hukatwa kidogo kabla ya kujumlisha, na orodha hupitiwa upya raundi ya pili inapokaribia, kwa sababu wengi huahidi raundi ya kwanza tu. Na pale Baraza la Usalama penye kura ya turufu, hesabu ni nyingine kabisa. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akiungwa mkono na Afrika na China, Marekani ikamzuia raundi baada ya raundi huku China ikimzuia Kurt Waldheim, mpaka wote wawili wakajiweka pembeni na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar. Wingi wa marafiki hauondoi turufu moja.

Mambo ya itifaki nitayapita haraka. Noti huandikwa kwa nafsi ya tatu, huanza kwa salamu na kufungwa kwa kuhakikishia heshima ya juu, haitiwi saini kamili bali herufi za jina na mhuri, na hubeba ombi moja. Maombi mawili kwenye noti moja hujibiwa lile jepesi. Jina rasmi la nchi hukaguliwa mara mbili. Makosa yake hayasahauliki upesi. Na yule anayeshangaa kwa nini Ikulu hutangaza mabalozi na kusema vituo vyao vitatajwa baadaye, sababu kubwa ni ridhaa: kwa Ibara ya 4 ya Mkataba wa Vienna wa 1961 nchi pokezi lazima ikubali jina kwanza, na inaweza kulikataa bila kutoa sababu. Kutangaza kabla ya ridhaa ni kujitafutia aibu ya hadharani.

Sasa darasani. Njia kati ya chuo na serikali ni ya zamani kwetu. Augustine Mahiga alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970 kabla ya utumishi uliomfikisha Umoja wa Mataifa, Somalia na hatimaye uwaziri wa Mambo ya Nje. Asha-Rose Migiro alifundisha sheria chuoni hapo hapo kabla ya kuwa waziri na kisha Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007. Kurasini tuna Chuo cha Diplomasia, kilichoanzishwa 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji. Waliotoka darasani kwenda serikalini ni wengi. Wanaorudi darasani ni wachache, na ugonjwa wao unajulikana: visa na mikasa. Mstaafu akipewa masaa mawili hukimbilia hadithi za hoteli ya Addis na waziri aliyekasirika. Wanafunzi hucheka, wiki ya mtihani hawana cha kuandika. Na yeye mwenyewe anabanwa na kiapo: mengi anayoyajua yamo kwenye majalada ambayo hayajafunguliwa, kwa hiyo hadithi hukatwa mahali pale pale zilipoanza kufaa.

Njia salama ni kufundisha ufundi kwa kutumia nyaraka za wazi. Ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani: Mkataba wa Jumuiya na itifaki zake, taarifa za vikao vya Wakuu wa Nchi, Hansadi ya Bunge, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala yake, maazimio ya Umoja wa Mataifa. Nyaraka za kidiplomasia za Marekani za miongo iliyopita zinasomwa bure mtandaoni, na za Uingereza zimo kwenye hifadhi yao ya nyaraka za taifa huko Kew, London. Tahadhari moja: mwanafunzi akisoma telegramu za mabalozi wa kigeni walioandika kutoka Dar es Salaam, huanza kuiona nchi yake kwa macho yao. Mpe wakati huo huo hotuba ya Mwalimu ya mwaka ule ule, amwambie mwenzake nani alikuwa anamwandikia nani na ili apate nini.

Mazoezi ya mazungumzo ya kuigiza ndiyo hupendwa zaidi, na ndiyo huharibika zaidi. Wanafunzi hutoa hotuba. Hukubaliana haraka kwa sababu ni marafiki na hakuna anayepoteza kitu. Hutetea maoni yao badala ya ya nchi waliyopewa. Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Darasa la watu 30 ligawe ujumbe tano za watu sita. Ndani ya kila ujumbe, wawili ni biashara, wawili Hazina, mmoja kilimo, mmoja Mambo ya Nje. Kila wizara ipewe karatasi ya siri ya nusu ukurasa yenye mpaka wake, na mipaka hiyo igongane kwa makusudi. Kipindi chote cha kwanza kiwe cha ndani tu: hakuna anayezungumza na nchi nyingine mpaka ujumbe wake utoe maelekezo ya maandishi yenye ngazi tatu. Kundi lisilofikia maelekezo liingie mezani bila sauti, kama inavyotokea kweli. Katikati ya kipindi cha pili, mwalimu abadilishe maelekezo ya nchi moja kwa karatasi iliyokunjwa: serikali imebadilika, au soko la upande wa pili limepungua. Kipindi cha tatu ni kuandika taarifa.

Alama zitolewe kwenye taarifa, zisitolewe kwa kufikia makubaliano. Ukizipa makubaliano, watauza nchi. Katika alama 40 za kazi za darasani, zoezi hili libebe 20: nane za maelekezo ya ndani, nane za taarifa ya mwisho, nne za muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Waziri. Taarifa itenganishe vitu vitatu ambavyo wanafunzi, na maafisa wapya pia, huvikoroga pamoja: walichosema wenzetu kwa maneno yao, tunachodhani walimaanisha, na tunachopendekeza. Ukimkuta mtu ameandika "Kenya ina wasiwasi" bila kuonyesha nani wa Kenya alisema nini, rudisha karatasi. Akishindwa kuonyesha, wasiwasi ni wake.

Ukurasa wa Waziri usahihishwe kwa saa. Msomee kwa sauti mtu asiyejua jambo lenyewe, dakika mbili, kisha muulize Waziri anaombwa nini. Asipojua, sifuri kati ya nne, hata kama Kiswahili ni kizuri. Wanafunzi hulalamika wiki ya kwanza. Kufikia wiki ya kumi wanaanza kukatana wenyewe kwa wenyewe ile sentensi ya uhusiano wa kindugu na wa kihistoria.